Mabugo Si Fidia

Niliondoka Bukoba kwa sababu ya simu moja. Wifi yangu Hadija alinipigia kutoka Kampala akasema, "Ssenga, mkandarasi anadai walishatulipa fidia." Ssenga ni shangazi, na mimi ndiye shangazi wa watoto wake watatu. Baba yao, mdogo wangu Idi, alikuwa fundi mwashi. Alianguka kutoka ghorofa ya nne, jukwaa lilipokatika kamba ambazo alikuwa amezilalamikia wiki nzima. Kulia nilikuwa nimekwisha kulia. Safari hii nilikwenda kudai.

Mutukula, mpakani, afisa aliniuliza nimefuata nini Uganda. "Haki ya marehemu," nikamjibu. Akanitazama kidogo, akagonga muhuri.

Alasiri basi likaingia Nateete, Kampala, na Hadija alikuwa ananisubiri. Tukaenda kwake Bwaise. Kitanda kimeinuliwa juu ya matofali, maji ya mvua yasikifikie. Matofali hayo aliyapanga Idi mwenyewe. Nilipoyaona hasira ilinipanda upya.

"Siku ya tatu ya msiba mkandarasi alikuja na bahasha," Hadija akanieleza. "Akanipa karatasi ya Kizungu, niweke kidole. Mimi nilijua ni ya mabugo tu, ssenga."

Sisi wa Bukoba tunaijua lubugo, nguo ya gome la mti. Zamani Waganda walileta hiyo kumvika maiti. Siku hizi wanaleta fedha za rambirambi, nazo bado wanaziita mabugo; jina la mtoaji linasomwa kwa sauti mbele ya waombolezaji na kuandikwa daftarini.

"Daftari liko wapi?" nikauliza.

Lilikuwa chini ya godoro.

Asubuhi tulipanda kilima cha Old Kampala kwa afisa wa kazi, mama wa makamo mwenye miwani. Mkandarasi naye alikuwa ameitwa. Alikuja na karatasi yake yenye kidole cha Hadija, anatabasamu.

"Nnyabo, mama, sisi nalimaliza hii maneno," akaniambia. "Mama watoto alisaini."

Nikalifungua daftari. Jina lake lilikuwa katikati, juu yake muuza mihogo, chini yake imamu wa mtaa. "Bwana, na huyu muuza mihogo alilipa fidia ya Idi?"

Afisa akausoma mstari ule, akavua miwani. "Ssebo, bwana, siku ile wakisoma jina yako, ulisema umeleta nini?"

Mkandarasi akaikunja karatasi yake. Aliyetoa mabugo mbele ya umati hawezi kuyakana, labda ahame mtaa.

"Mabugo," akasema hatimaye.

"Basi fidia bado iko." Afisa akaandika, akatupangia siku ya kusikilizwa. Sikuondoka mpaka nilipopewa nakala yenye muhuri.

Kwenye ngazi mkandarasi akanifuata. "Nnyabo, wewe utachoka na hii safari."

"Idi alikupandia ghorofa nne kila siku," nikamwambia. "Mimi napanda basi tu."

Nimerudi nyumbani mikono mitupu, na sioni haya kusema hivyo. Nilichojifunza ni hiki, ndugu zangu: anayekuletea rambirambi mpokee, mshukuru, ila usitie kidole kwenye karatasi usiyoielewa. Mabugo ni ya kumvika aliyekufa. Fidia ni ya kuwavisha aliowaacha, na wanangu watatu wa Bwaise bado hawajavishwa.

Tiketi ya kurudi Kampala nimeshakata.