Kamera Mpya ya Mama Picha

Kwa miaka thelathini na moja Mama Picha alifanya kazi gizani, na hakuwahi kulalamika. Mumewe ndiye aliyekuwa mbele, kwenye mwanga, akiwapanga watu kitini na kuwatania mpaka meno yaonekane. Yeye alikuwa nyuma ya pazia jeusi, akisafisha filamu na kuning'iniza picha kwa vibanio vya nguo. Wateja wengi walimjua kwa kikohozi chake tu.

Mume alipofariki, kamera yao kubwa ya filamu pana, ile inayotazamwa kwa juu huku umeinamisha kichwa, haikumaliza mwaka. Lenzi iliota ukungu, kisha kitufe kikagoma. Fundi aliifungua, akaifunga, akatikisa kichwa.

"Hii spea zake zilishakwisha duniani, mama."

Mama Picha akafunga studio. Watu walikuwa wanajipiga wenyewe kwa simu, nani angemkumbuka? Akawa anashinda chumba cha mbele, redio ikijisemea yenyewe.

Jumapili moja mwanawe, aliyekuwa akifanya kazi mbali, alimpigia.

"Mama, kuna kiwanda kinatengeneza kamera ya filamu pana. Mpya kabisa, si mtumba."

"Siku hizi? Hao wana akili timamu kweli?"

"Nimeshakuandikisha kwenye orodha."

Alicheka, lakini siku hiyohiyo alifuta vumbi kwenye beseni za dawa. Kiwanda kikasema miezi sita. Kikasema tena minane. Eti lenzi haijawaridhisha. Mama Picha hakukasirika. Kusubiri kulimpa kitu cha kuamkia. Alipaka ukuta rangi, akakaza miguu ya kiti, na mara mbili tatu alijikuta ametega sikio mlangoni, kana kwamba kamera ikija, itakuja na marehemu mumewe.

Ilikuja Jumanne, imeviringishwa vizuri ndani ya boksi kama mtoto mchanga. Nyeusi, nzito, inanukia upya. Aliweka filamu kwa vidole vilivyoijua kazi hata macho yakiwa yamefumbwa, akainamisha kichwa. Kwenye kioo cha kamera akakiona kiti. Kitupu. Hapo ndipo alipogundua kwamba maishani mwake hajawahi kumpiga mtu picha hata moja.

Akatoka nje, akamwita fundi viatu aliyekaa mlango wa pili, mtu asiye na mke wala mazoea na mtu.

"Mimi? Na sura hii kama soli?"

"Hiyohiyo. Njoo ukae."

Akakaa. Mama Picha alijaribu kukumbuka utani wa marehemu, haukumjia hata mmoja. Basi wakanyamaza wote wawili, na katika kimya hicho akapiga picha kumi na mbili, filamu nzima.

Zilipokauka alimpelekea moja. Fundi akaishika kwa kingo, akaitazama muda mrefu. Hakukuwa na tabasamu. Ulikuwa uso wa mtu anayekula peke yake kila siku.

"Huyu ni mimi kweli," akasema taratibu. "Sikujua kama inaonekana."

Jumapili simu ikalia.

"Enhe, mama, umempiga nani?"

"Jirani."

"Na wewe, nani kakupiga?"

Mama Picha akakitazama kile kiti kitupu.

"Bado," akasema, kisha akamuuliza habari za kazi.