Upande wa Upepo

Wiki iliyopita nilikuwa namchua magoti bibi mmoja ninayemhudumia nyumbani kwake Ixelles, hapa Brussels. Nilipofungua kichupa cha dawa, harufu ya kafuri ikanipiga puani, kali na ya baridi, ikanirudisha moja kwa moja Molenbeek, kwenye ukumbi wa parokia. Hivyo ndivyo alivyonukia Mwalimu Fong, tangu viganja hadi kola ya shati.

Nilikuwa na miaka tisa. Mimi na papa tulikuwa tumefika kutoka Bukavu; maman alibaki kule akingoja karatasi za kusafiria. Shule za hapa hufungwa mchana siku ya Jumatano, na papa alikuwa akisafisha treni kwenye stesheni ya Gare du Midi mpaka jioni. Hakutaka nishinde peke yangu nyumbani. Siku moja akaona tangazo la mafunzo ya kupigana mlangoni mwa ule ukumbi.

"Bon, mercredi utakuwa unaenda kule kwa Muchina," akaniambia. "Ni karibu, na kuko chauffage."

Kwa papa, ukumbi wenye joto ulikuwa sifa tosha ya mwalimu yeyote.

Mtindo wa kupigana aliofundisha Mwalimu Fong aliubuni mwenyewe. Alipofika Brussels alifanya kazi miaka mingi katika jiko la mgahawa, jiko jembamba ambamo yeye na mwenzake walipishana kutwa nzima, wamebeba sufuria za mafuta ya moto, bila kugusana. Kupishana kule alikuchanganya na mapigano aliyojifunza kwao utotoni, akakuita Mlango na Upepo. Mmoja anasimama, huyo ni mlango. Mwingine anamzunguka akitafuta pa kupenya, huyo ni upepo. Hakukuwa na mateke ya kuruka wala mikanda ya rangi. Mwanafunzi alianza na upepo, miaka mitatu, ndipo afundishwe mlango. Yule mwenzake wa jikoni alikuwa amehamia Kanada zamani.

Tulianza watoto tisa. Kufika Krismasi wengine wote walikuwa wamehamia klabu ya karate, kwenye mikanda, nikabaki mimi. Mwalimu hakufunga darasa. Kwa miaka miwili tulizungukana sisi wawili katika ukumbi wa kuenea watu mia. Kifaransa chake kilikuwa kidogo na changu kidogo zaidi, kwa hiyo hatukuzungumza sana. Zilisikika tu soli zetu za kitambaa zikisugua sakafu, na tramu ikipita nje. Tukimaliza, alimenya chungwa, ganda lote likitoka kama utepe mmoja, akanipa nusu kubwa.

Kwenye simu nilimdanganya maman. Nilimwambia Jumatano nacheza kwa rafiki zangu, Sara na Inès, wasichana wa darasani ambao hawakuwahi kunialika hata mara moja. Sikutaka alie. Papa alinisikia, akaniacha niseme. Kila aliponiuliza habari zao niliongeza kitu: bustani, mbwa, keki ya siku ya kuzaliwa.

Maman alifika nikiwa na miaka kumi na mmoja. Jumapili yake ya kwanza tulikwenda soko la Midi, mkono wangu ndani ya mkono wake. Ng'ambo ya meza ya nyanya nikamwona Mwalimu Fong na mfuko wa vitunguu. Aliuweka chini, akainua mikono miwili kifuani, ile salamu yetu ya ukumbini, akangoja nimjibu. Uso wake wote ulikuwa unacheka.

"Ule papa muzee anakuangalia," maman akasema. "Unamujua?"

Nikaona uongo wangu wote unakaribia kufumuka. Akija tu akasema neno moja, maman angejua kwamba miaka miwili yote sikuwa na rafiki ila mzee yule.

"Hapana, maman. Simujui."

Mwalimu Kiswahili hakukijua, lakini nadhani siku ile hakukihitaji. Alishusha mikono polepole, akainama kuchukua vitunguu vyake, akapotea kati ya watu.

Sikurudi tena ukumbini. Baada ya Pasaka nilikutana na Maman Béatrice, Mkongo mwenzetu aliyetunza funguo za pale. Akaniambia mwalimu amehama, hajui amekwenda wapi. Kumbe kabla ya kuhama kila Jumatano alikuja, akavaa viatu vyake, akakaa saa nzima, akaondoka.

"Nikamuuliza, mutoto iko mugonjwa? Akasema, non, maman yake amefika, c'est bien, ni muzuri."

Wakati ule nilichoona ni nafuu tu, kwamba hakunikasirikia.

Nimechelewa sana kuelewa. Nilidhani Jumatano zile zilikuwa zangu, mtoto anayehurumiwa kwa sababu hana mtu. Sikuwaza kwamba mtindo wa watu wawili hauendi bila mtu wa pili, na kwamba katika mji huu wote mtu huyo nilikuwa mimi. Asubuhi nyingine, kabla ya kwenda kazini, nasukuma meza pembeni nijaribu hatua zile. Ninazo zote. Lakini ni za upepo tu, za mlango sikufikia kufundishwa, na nazunguka mahali ambapo hapana aliyesimama.