Mashine ya Mtani Wangu

Sebuleni kwangu kuna viti vinne, lakini kinachosikia ni kimoja tu. Vingine ni vya wageni. Hicho kimoja nimekipima kwa futi ya fundi, umbali sawa kutoka spika ya kushoto na spika ya kulia, nikakipigia alama ya chaki sakafuni. Mke wangu akideki anaifuta, na mimi naipiga tena. Amenizoea. Wenzake akiwaeleza habari zangu husema waume zao wanazeeka na pombe, wa kwake anazeeka na nyaya.

Mimi si mtu wa kutoka. Nilisoma mpaka kidato cha nne hapa hapa Tabora, nikafungua duka la kutoa kopi kwenye chumba cha mbele cha nyumba yangu, Ng'ambo, na tangu hapo safari yangu ya kila siku ni kutoka sebuleni kwenda dukani na kurudi. Aliyeweza kunitoa nyumbani alikuwa mtu mmoja, na sasa yuko makaburini. Naandika habari zake mapema, kabla sijaanza kujidanganya juu ya nilivyomtendea.

Alikuwa Mzaramo, na mimi ni Mnyamwezi, kwa hiyo tulikuwa watani kabla hatujajuana. Wazee wetu walikutana kwenye njia ya misafara, wa kwangu wakiwa na mizigo vichwani, wa kwake wakiwa wamekaa kivulini wanahesabu nazi, na toka huko sisi tumepewa ruhusa ya kutukanana bila mtu kununa. Alikuja huku na kazi ya reli. Alikaa miaka mingi Kaliua akibadilisha njia, treni hii iende Mpanda, ile iende Kigoma, akaoa mwanamke wa Sikonge, akastaafu, akajenga Isevya. Siku ya kwanza alipoingia dukani kwangu alikuja kutoa kopi ya kitambulisho, akasikia muziki unatoka sebuleni. Hakusalimia.

"Gitaa la pili umelipeleka wapi?"

"Lipo," nikamwambia.

"Halipo, mpagazi wewe. Umeliangusha njiani."

Lafudhi yangu ilikuwa imeshanisaliti. Nikamfungulia mlango wa ndani, akaenda moja kwa moja kukaa kwenye kiti chenye chaki, bila kuonyeshwa. Hapo nikajua nimepata mtu.

Naye kwake alikuwa na mashine kama mimi, seva ya muziki. Kwa asiyejua mambo haya, seva ya muziki ni kompyuta ndogo isiyo na kazi nyingine duniani. Inatunza nyimbo zako zote, unachagua kwa simu ukiwa umekaa, nayo inazituma kwenye kijisanduku kinachogeuza tarakimu kuwa sauti, kisha amplifaya, kisha spika. Yangu ilikuwa nyeusi, nzuri, imeletwa na mpwa wangu aliyekuwa safarini nje, na ndani yake kulikuwa na programu ya kulipia. Programu ile ilikuwa na elimu kubwa. Ukipiga wimbo inakuletea picha ya mwimbaji, maisha yake, na ndugu zake wa muziki. Tatizo lake ni kwamba bendi zetu za zamani ilikuwa haizijui. Bendi ya dansi ya hapa hapa mjini iliiwekea picha ya wazungu wanne wenye nywele ndefu, na hakuna namna niliyofanya wakaondoka.

Ya kwake ilikuwa kompyuta ya ofisini iliyokwisha kazi, ameifungua, ameitoa feni ili isipige kelele, ameiweka kwenye boksi la bati alilochomelewa mjini. Programu yake ilikuwa ya bure, imetengenezwa na watu wa kujitolea wasiojuana, na sura yake ilikuwa kama ratiba ya treni. Hakukuwa na picha hata moja. Lakini kila wimbo alikuwa ameuandika mwenyewe kwa mkono: nani kapiga gitaa la solo, nani besi, nani alikuwa anaumwa siku ile akashikiwa na mwingine. Alikuwa anawajua.

"Yako ina picha," aliniambia, "kama kalenda ya duka."

"Na yako ina bati," nikamjibu, "kama choo cha shule."

Basi tukaanza kuzilinganisha. Kila Jumamosi, yeye akishaswali alasiri, ama anabeba bati lake kwenye baiskeli anakuja kwangu, ama mimi nafunga duka nafunga safari mpaka Isevya na mashine yangu nimeipakata kama mtoto wa homa. Jaribio la haki lina masharti yake. Wimbo uwe mmoja, spika ziwe zile zile, na sauti ilingane kabisa, kwa sababu sikio linadanganywa na makelele: kilicho juu kidogo linakiona kizuri. Kwa hiyo tulikuwa tunapima ukubwa wa sauti kwa simu pale kwenye kiti. Sharti kubwa ni kwamba anayesikiliza asijue inapigwa ipi. Tulikuwa tunajifunika kanga usoni. Mmoja amekaa na kanga ya mke wa mwenzake kichwani, mwingine anabadilisha waya kimya kimya, mara ya kwanza, mara ya pili, halafu anauliza: ipi?

Jumamosi ile nilikuwa kwake, mimi ndiye nimefunikwa. Akapiga wimbo wa zamani wenye saksafoni. Mara ya kwanza ulikuwa mzuri, laini, kila kitu kimekaa mahali pake. Mara ya pili nikamsikia mpiga saksafoni akivuta pumzi. Sisemi nilidhani. Nilimsikia mtu, mnene kidogo, akivuta pumzi puani kabla ya kupuliza, na nyuma yake gitaa la pili limesimama peke yake upande wa kulia, lile lile alilonidai siku ya kwanza. Vinyweleo vya mikono vikanisimama.

Na nilijua ni bati lake. Programu yangu ilikuwa na tabia ya kurekebisha: wimbo huu inaupunguza, ule inaupandisha, ili zote ziwe na adabu moja. Ya kwake ilikuwa haina akili hiyo. Ilitoa wimbo kama ulivyoingia.

"Ipi, Mnyamwezi?"

Nikiwa ndani ya kanga, nikatabasamu. "Ya kwanza," nikasema.

Nikamsikia anachomoa waya. Kisha akacheka. "Haya bwana. Umepata yako."

Ulikuwa utani. Nataka ieleweke hivyo, ingawa siku hizi mwenyewe nikilisema neno hilo linanikwama. Nilitaka kumwona akihangaika wiki moja, Jumamosi ifuatayo nimwambie, tucheke. Lakini Jumamosi ifuatayo alikuja na waya mpya, ameutengeneza mwenyewe, amejaa matumaini, na mimi nikaona utamu wa kuongeza wiki nyingine. Nikasema tena ya kwangu. Akabadilisha transfoma ya kupoza umeme. Nikasema ya kwangu. Akatoa umeme wa Tanesco kabisa, akaiwasha mashine kwa betri ya pikipiki, na kusema kweli siku ile ilikuwa inapiga mpaka inatia huzuni. Nikajifunua kanga nikamwambia, "Mzaramo, uzee umekuingia masikioni. Kalime mihogo."

Akacheka. Alikuwa anacheka kila mara. Ningependa kuandika kwamba niliona kitu usoni mwake, lakini sikuona, maana nilikuwa najiangalia mwenyewe nilivyo mjanja.

Baada ya miezi kadhaa akasema tupumzike na majaribio, tunywe kahawa tu. Nikamtangazia kila mteja dukani kwamba Wazaramo wamesalimu amri. Jumamosi tukawa tunakaa barazani kwake, kashata na kahawa, tunaongea habari za treni. Ndani kukawa kimya. Sikuuliza.

Halafu akaugua kifua. Alilazwa, nikaenda kumwona, mimi nisiyekwenda hata sokoni. Alikuwa amepungua, mto umemzidi. Nilipokaa tu akanishika mkono, jambo ambalo hatukuwa tunafanya.

"Mtani, niambie kweli leo. Ile yangu, haikuwa hata karibu?"

Nilikuwa na jibu mdomoni. Lakini nilipomwangalia nikafikiri: nikimwambia sasa, ndiyo kusema namuaga. Nikimnyima, atakuwa na kitu cha kumfanya atoke humu. Mimi na akili zangu za kidato cha nne.

"Toka kwanza," nikamwambia. "Nitakwambia kwako, umesimama kwa miguu yako. Siwezi kuongea na Mzaramo aliyelala, mmezidi kulala."

Akacheka mpaka akakohoa, muuguzi akanitoa nje. Siku mbili baadaye wakanipigia simu.

Msibani mtani ana kazi yake. Wakati wengine wanalia, wewe unachekesha, unazuia jeneza, unamsema marehemu ubaya wake wote, ili wafiwa wapate pa kupumulia. Walikuwa wananingoja. Nilipoingia tu kwenye turubai wazee wa kwao waliokuja kutoka pwani wakaanza kunong'onezana, Mnyamwezi kafika. Nikafanya ya kufanya. Nikajilaza mlangoni jeneza lisipite. Nikasema marehemu kanikimbia, tulikuwa na mashindano, kaona anashindwa kaamua kufa. Wakacheka. Shangazi yake mmoja, mama mtu mzima mwenye baibui, akanipiga na kandambili mgongoni akisema ondoka hapo mpagazi, mzigo wako si huu.

Nilitakiwa kuinuka hapo. Nikabaki chini, nikawaambia kweli.

"Nilimdanganya," nikasema. "Mashine yake ilikuwa nzuri kuliko yangu. Siku zote. Nilijua, sikumwambia."

Turubai zima likaangua kicheko. Machozi yakaanza kunitoka, yale ya kweli, na kamasi, na sauti ya ajabu ambayo sikujua ninayo, na kadiri nilivyolia ndivyo walivyocheka. Nikarudia: si utani, jamani, si utani. Mzee mmoja ikabidi ashikwe bega. Shangazi akawa anajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Huyu analia vizuri," akamwambia jirani yake. "Nimeona watani wengi, huyu analia kama kafiwa."

Wakaninyanyua, wakanipa kuku wangu wa utani amefungwa miguu, jeneza likapita.

Nilivumilia kama mwezi. Kisha nikaenda Isevya kwa mjane. Alikuwa bado edani, kwa hiyo nilikaribishwa chumba cha mbele na dada yake, mjane mwenyewe akakaa upande wa pili wa pazia. Tukasalimiana, tukapeana pole upya. Dada akaniletea chai. Bati la marehemu lilikuwa pale pale kwenye kabati, limefunikwa kitambaa.

"Shemeji," nikasema, "yale maneno niliyosema siku ya maziko."

Akacheka kidogo nyuma ya pazia. "Uliwavunja mbavu watu. Mpaka leo wanayasema."

"Nilikuwa nasema kweli."

"Shemeji, msiba umekwisha. Pumzika."

"Kweli tupu. Ya kwake ndiyo iliyokuwa nzuri. Kila Jumamosi nilisikia, nikasema kinyume, kumtania. Nilikuwa nimwambie."

Sikuona uso wake. Niliona tu pazia, na vidole vya miguu chini yake, vikakunjika.

"Tangu lini?"

"Tangu mara ya kwanza."

Dada yake akaanza kuniangalia vibaya.

"Alikwenda kupimwa masikio," akasema mjane. "Hakukwambia? Alikuwa ananiita mimi jikoni, mimi nisiyejua kitu, ananiuliza, hapa husikii mtu anavuta pumzi? Namwambia nasikia. Anasema wewe unanipenda tu. Mtani ana masikio, na mtani anasema hakuna kitu. Akaenda. Daktari akamwambia masikio yako mazima, mzee. Akarudi anasema daktari mwenyewe mtoto, hajui. Siku ile akaizima. Hakuiwasha tena."

"Hakuiwasha?"

"Mpaka anakufa. Mimi nilikuwa napangusa vumbi."

Nilitaka kumwambia kwamba mtani haaminiwi, kila mtu anajua hilo, watu mia mbili chini ya turubai walilijua. Sikusema. Aliyeniamini alikuwa mmoja.

Dada akauliza kama aniongeze chai. Nikamsogezea kikombe, ingawa kilikuwa bado kimejaa, kwa sababu sikujua nitainukaje.