Mikunjo ya Tima

Anayetaka kucheka na acheke sasa, nikianza sitaki kukatizwa. Haya sikuhadithiwa. Niliyaona kwa macho yangu, mchana kweupe, hapa hapa Malindi, kabla ya vita vya Mjerumani.

Ndugu yangu Tima aliota mikunjo mapema, mitatu ya kipaji cha uso na miwili kando ya mdomo, wa kushoto umepinda, kwa kucheka sana. Tukasikia mumewe anaposa msichana Ngomeni. Tima akaacha kucheka, akawa mtu wa kioo tu. Nilimwambia aache upuuzi. Akanijibu kwamba mimi sura yangu hata ikikunjamana hakuna atakayejua tofauti.

Ndipo akaja yule mwanamke. Alijiita Bi Zena, ati katoka Unguja, kazi kafunzwa na daktari wa Kizungu. Uso wake laini kama yai lililomenywa: hauna mkunjo, hauna kovu, hauna hata kipele. Mtu mzima ana uso vile? Nilipaswa kujiuliza. Aliyeyusha nta nyeupe kikombeni, akaivuta kwa bomba la sindano, akamdunga Tima penye kila mkunjo. Kichwa nilikishika mimi. Tima alipouliza ujira, akasema, "Sitaki kitu, shoga. Mikunjo hii wewe huitaki, nitaichukua mimi."

Tukacheka, tukidhani mzaha.

Siku ya tatu uvimbe ulishuka, Tima akawa kama mwari. Mumewe akaghairi ya Ngomeni. Kama mambo yangeishia hapo, nisingekuwa na la kusimulia.

Mama yetu alikuwa kipofu miaka mingi. Ukiingia unamwamkia, unainama, naye anakupapasa uso mpaka aridhike. Mwezi ule ugonjwa ulimzidi, akatuita atupe radhi zake. Mimi nilipata zangu. Tima akainama. Mama akapapasa kipaji, akapapasa kando ya mdomo, akaondoa mkono.

"Nani huyu mnaniletea?"

"Ni mimi, mama. Tima."

"Sauti ya Tima. Uso si wa Tima."

Tulimwapia, hakutaka kusikia. Mara hodi mlangoni, akaingia Bi Zena. Alipoteremsha ukaya uliomfunika uso niliona mikunjo mitatu ya kipaji na miwili kando ya mdomo. Niaminini, ni ileile, hata ule wa kushoto uliopinda. Nilinyoosha mkono kumzuia, kashanipita. Akainama kitandani bila neno. Mama akampapasa, akatabasamu.

"Tima wangu. Radhi zangu zote nimekupa, mwanangu."

Bi Zena akambusu mkono, akatoka. Nikamkimbilia. Jirani yetu alikuwa barazani anasuka ukili, nikamuuliza aliyepita kaelekea wapi. Akanitazama kama mwendawazimu. Akasema hajapita mtu ila Tima.

Mama hakufika magharibi ya siku ile.

Tima yu hai mpaka leo. Nta imeteremka tayani, imeganda kama kokwa, na akikaa karibu na jiko uso unamvuta. Si hilo linalomliza. Mtoto akiugua, chungu kikipasuka, husema ni radhi alizozikosa. Nami nitamjibu nini, na kichwa nilikishika mimi?

Basi nyinyi wajukuu zangu mnaosimama mbele ya kioo mkivutia ngozi nyuma ya masikio, nimewaona. Atakayekuja kuwalainisha bila ujira, muulizeni anaondoka na nini. Hiyo mikunjo iacheni mahali pake. Yuko mtu anayewajua kwayo.