Kigelegele cha Mama

Mtaani kwetu hapa Malindi harusi haijawa harusi mpaka mama yangu apige kigelegele. Ana sauti ya kupasua, na anajua. Harusi yangu mimi aliianza mapema mno.

Nilikuwa mpima ardhi Kilifi. Nilishinda juani na wenzangu, wote wanaume, tukitafuta mawe ya mipaka kwenye mashamba ya mikorosho, na jioni nikarudi nyumbani na miiba kwenye buibui na furaha tele. Mama aliichomoa ile miiba huku amenuna. Yeye alitolewa shule angali kigoli, akafundishwa kupika na kunyamaza, na vyote viwili alivijua barabara.

Mchumba alipokuja nilimpenda. Mtu mcheshi, mpole, ila alikuwa na lake moja: mke wake akae nyumbani. Nikamwambia mama kwamba baba akija kuniomba idhini nitajibu nimekubali, kwa sharti niendelee na kazi. Dini yetu inaniruhusu. Mama akashika kichwa.

"Utatutia aibu, mwanangu. Mwari hajibu. Akinyamaza ndiyo amekubali. Mimi nilijibu nini? Si nilinyamaza, na nyie mkazaliwa?"

Siku ya nikaha nilikaa chumba cha ndani, nimefunikwa mtandio, mashangazi wamenizunguka na moshi wa udi umejaa. Baba akasimama mlangoni na mashahidi wawili.

"Mwanangu, waniruhusu nikuoze?"

Maneno nilikuwa nayo, nimeyakariri wiki nzima. Nikavuta pumzi niyatoe, na kabla sijafungua mdomo mama akapiga kigelegele. Wanawake wote wakadakia. Baba akatabasamu, akageuka kwenda zake msikitini. Ningeweza kumwita arudi. Sikumwita. Nani atapaza sauti ashindane na vigelegele vya mamake?

Mume wangu si mtu mbaya. Kazi niliacha. Hata leo nikipita barabara ya Kilifi nikaona vijana wameinamia kile chombo cha kupimia cha miguu mitatu, roho inaniuma, nageuza uso. Kwa mama nilikwenda kila Ijumaa, tukala, tukacheka, na habari ya siku ile hatukuigusa.

Mwaka huu akaolewa mdogo wangu, fundi wa umeme katika hoteli moja ya ufukweni. Chumba kilekile, udi uleule. Baba akauliza. Mdogo wangu akainamisha kichwa, kimya. Shangazi mmoja akavuta pumzi tayari kupiga, mama akamziba mdomo kwa kiganja.

"Ngojeni! Hajasema bado."

Hata baba alishangaa. Tukangoja, tena kwa muda, mpaka mdogo wangu akainua uso.

"Nimekubali, baba. Lakini kazi yangu siachi."

Wanawake wakamgeukia mama wakisubiri kigelegele chake. Hakupiga. Alikuwa ananitazama mimi, macho yamejaa machozi. Akafungua mdomo aniambie neno. Nililijua neno lenyewe, nimelingoja miaka yote ya ndoa yangu, na lilipofika sikuweza kulisikia mbele ya watu.

Nikapiga kigelegele mimi. Wote wakadakia.

Mama akafunga mdomo, na mpaka leo hajalisema.