Nilishinda Ubishi wa Bwana Mizani, na Bora Ningeshindwa

Wakuu, habari za mchana.

Mimi humu ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Leo nimeamua kuandika, na nitakayoyaandika ni ya kweli. Sitaongeza chumvi. Chumvi yenyewe daktari ameshanikataza.

Kilichonichokoza ni ule uzi wa vijana wa superhero. Mmesoma toleo jipya, shujaa kaacha mji wake kaenda zake, na comments nyingi zinasema, "Kakimbia huyo, hana lolote."

Nilizisoma zote. Halafu nikaweka simu chini, nikatoka nje kidogo.

Kabla sijaendelea, maoni yangu kuhusu hizi komiki za siku hizi, maana najua kuna watakaosema mzee kavamia asipopajua. Nazisoma. Mjukuu wangu ananitafutia kwenye simu. Michoro mizuri, rangi zinang'aa, hilo siwanyimi.

Lakini mashujaa wenu wanakufa mno. Mtu kafa, hata hitma haijasomwa, toleo linalofuata huyu hapa kwenye cover, kifua mbele. Kifo kimekuwa kama mafua.

Na wakiondoka, wanaondoka kwa hotuba. Ukurasa mzima mtu kasimama juu ya ghorofa anauhutubia mji. Mimi nimewajua watu walioondoka kweli, na hawakuhutubia mtu.

Basi tuanze.

Mimi ni mtoto wa Malindi, Unguja mjini. Nazungumzia miaka ile baada ya Mapinduzi, tunaelekea sabini, nikiwa bado skuli. Baba yangu alikuwa hamali, mbeba mizigo bandarini. Wazee wake walitoka bara, yeye kazaliwa papo hapo Malindi.

Mabaharia wa meli za kigeni walikuwa wakishamaliza kusoma komiki zao wanazitupa. Baba hakujua Kiingereza, lakini alijua mwanawe anapenda picha. Akiziona anaziokota, ananiletea kwenye kikapu chake, zinanuka dizeli. Nyingine hazina cover, nyingine zina alama za vikombe vya chai. Kwangu zilikuwa mpya zote.

Jirani yetu alikuwa fundi redio, na mwanawe akiitwa Nassor. Rika moja, darasa moja. Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko changu, basi tukawa na mkataba: komiki zangu, kamusi yake. Tulizihifadhi kwao, ndani ya sanduku tupu la redio, kwa sababu kwetu paa lilikuwa linavuja.

Kipenzi chetu alikuwa shujaa mmoja tuliyempa jina la Bwana Mizani. Jina lake la Kiingereza lilikuwa refu, tukalitupa. Uwezo wake ulikuwa kubadilisha uzito wa vitu. Anagusa lori linakuwa jepesi kama pamba. Anamgusa mwizi, mwizi anakuwa mzito, hawezi kuinua hata mguu.

Siku nilipomweleza baba, alicheka akashika kiuno chake. "Angekuja bandarini huyo," akasema, "hata kwa asubuhi moja tu."

Sasa, tulikuwa na sheria. Tukishasoma toleo tunakaa barazani kwao, kila mtu anatoa hukumu yake. Mchoro vipi, adui vipi, mwisho vipi. Tukitofautiana tunabishana, na atakayeshindwa anambebea mwenzake ndoo ya maji kutoka mferejini, lile bomba la mtaa, mpaka kwao.

Tatizo ni kwamba ilibidi mtu akubali mwenyewe kuwa kashindwa. Na Nassor alikuwa mbishi, wakuu. Adhana ikitoka, yeye atakwambia muadhini kawahi. Mimi nami sikuwa nyuma. Kwa hiyo miaka yote ile hakuna aliyembebea mwenzake ndoo hata mara moja.

(Kwenye kurasa za nyuma za zile komiki kulikuwa na barua za wasomaji. Watu wazima wa huko Ulaya na Marekani wanamkaripia mhariri kwa sababu ya rangi ya koti la shujaa! Tulicheka sana. Kumbe lilikuwa jukwaa kama hili, ila wao walisubiri majibu kwa posta.)

Ndipo likaja toleo lenyewe.

Kwenye cover Bwana Mizani kageuza mgongo, koti lake liko chini. Ndani, adui yake kaujua uso wake. Duka la mikate la jirani yake linachomwa moto. Kurasa za mwisho shujaa anakunja nguo zake za kazi, anazisukuma chini ya kitanda, na alfajiri anapanda treni. Hakumuaga mtu. Hata yule bibi wa chini ghorofani aliyekuwa akimletea supu, kampita mlangoni kimya kimya.

Picha ya mwisho ni treni. Basi. Hakuna maelezo, ila ahadi kwamba utajua kwenye toleo linalofuata.

Hukumu yangu ilikuwa fupi. Kakimbia.

Nassor akasema hapana, kaondoka ili wenzake wapone.

"Sasa mbona hakuaga?" nikamuuliza.

"Akiaga atawaponza. Asiyejua kitu, hata akiulizwa, atasema nini?"

"Maneno hayo yakhe. Mwanamume hakimbii mji wake."

Nakumbuka aliniangalia. Nilidhani anatafuta jibu.

Hapa lazima nisimame niwaeleze kidogo vijana. Miaka ile kuna watu walikuwa wakiondoka Unguja. Kila mmoja na sababu zake, na mimi sikuja kufungua siasa, mods watanifungia uzi. Ninachosema ni kwamba ruhusa ya kutoka haikuwa kitu cha kuokota, na anayeondoka alikuwa haagi. Leo unamwona dukani, kesho mlango umefungwa kwa kitasa. Sisi watoto tulikuwa tunaviona vile vitasa lakini hatukuviunganisha na lolote.

Ubishi uliendelea siku nyingi. Njiani tukienda skuli, tukirudi, chuoni kwa mwalimu wa Kurani. Kila akinieleza, mimi nina jibu moja tu: mwanamume hakimbii mji wake. Nililipenda lile neno. Niliona limekaa kikubwa.

Siku moja baada ya alasiri niko mferejini nangojea ndoo yangu ijae. Nassor akaja. Hakuwa na ndoo.

"Juma," akaniambia, "nshafikiri. Umeshinda."

"Nimeshinda nini?"

"Bwana Mizani. Kakimbia."

Wakuu, niliruka. Nilipiga kelele mpaka wanawake waliokuwa pale wakanizomea. Nassor mbishi kakubali! Yeye akainama, akachukua ndoo yangu, akaiweka begani, akaongoza njia ya kwetu. Mimi nyuma yake natangaza kwa kila tunayekutana naye kwamba leo nimebebewa maji.

Nyumbani mama alikuwa ukumbini kakalia mbuzi anakuna nazi. Nassor akayamimina maji mtungini polepole, halikumwagika tone. Halafu akamwendea.

"Shikamoo Bi Mgeni."

"Marahaba mwanangu. Leo weye ndo mchota maji wetu?"

"Naam. Nimeshindwa." Akaiweka ndoo chini, akamtazama. "Bi Mgeni, n'nakuomba radhi. Pengine nshakukosea."

Mama akaacha kukuna. Akajifuta mikono kwa kanga, akamshika kichwa kwa mikono miwili.

"Sina kinyongo nawe mwanangu. Na mama yako mwambie sina kinyongo naye. Mungu akuhifadhini."

Hayo niliyasikia kwa sikio moja. Mimi nilikuwa mlangoni, nawaeleza watoto wa jirani jinsi nilivyoshinda.

Alipotoka akanipa mkono. Sisi hatukuwa na desturi ya kupeana mikono, tulikuwa tukisukumana tu.

"Na weye nisamehe, Juma."

"Nimekusamehe," nikamwambia, "ila na kesho utabeba!"

Akacheka kidogo. Akaniambia lile sanduku la komiki ameshalileta, kaliweka chini ya ngazi yetu, kwao hakuna nafasi tena. Kwetu, ambako paa linavuja. Mtu mwenye akili zake angeshangaa. Mimi nilikuwa na ushindi kichwani, hapakuwa na nafasi ya kitu kingine.

Asubuhi nikampitia twende skuli. Hodi, hodi. Kimya. Nikaenda kwenye duka la redio, limefungwa. Jirani mmoja, bila ya kuniangalia usoni, akaniambia wamekwenda Dar, shangazi yao mgonjwa.

Niliamini. Nilingoja. Hata skuli nilikuwa namwekea nafasi yake kwenye dawati.

Kila nikirudi napita pale barazani kwao, mpaka siku nilipokuta watu wengine wamekaa, wanaota jua kama kwao. Nilirudi nyumbani, mama yuko jikoni.

"Mama, Nassor harudi?"

Akaniuliza, "Mtu kwetu huomba radhi nyumba kwa nyumba wakati gani?"

Nikasema mtu akiwa na safari kubwa. Akienda Makka. Akiumwa sana.

"Haya."

"Kumbe ulijua?"

"Nlijua alipoiweka ile ndoo akanitazama."

"Sasa mbona hukunambia? Ningemuaga!"

"Ningekwambia weye ungenyamaza? Si ulikuwa unapiga kelele njia nzima?" Akachochea moto. Halafu akasema kwa upole, "Mwenzio alitaka akuache unacheka."

Nililia, wakuu, na sioni haya kusema.

Zile komiki hazikudumu. Masika ya mwaka ule yaliingia chini ya ngazi, zikashikana zikawa tofali. Niliokoa kurasa chache, nazo zikapotea katika kuhamahama. Toleo lililofuata la Bwana Mizani halikuja kamwe. Meli zilibadilika, mabaharia wakabadilika, baba naye kiuno kikamshinda akaacha bandari.

Kwa hiyo nimeishi umri wangu wote sijui ile treni ilikwenda wapi.

Mpaka juzi juzi. Nilikuwa namsimulia mjukuu wangu, akanitazama kama mtu anayeulizwa bahari iko wapi. "Babu, si tuitafute tu?" Akabofya hapa na pale. Kumbe kuna watu wamezi-scan zote, mpaka zile ambazo hata waliozichora wamezisahau.

Nilivaa miwani nikasoma peke yangu.

Nassor alikuwa sawa.

Wale maadui walikuwa wanachoma nyumba moja baada ya nyingine, wanawauliza majirani yuko wapi Bwana Mizani. Aliondoka ili wasiwe na cha kuuliza. Na hakumuaga yule bibi wa supu kwa sababu ile ile aliyonieleza mtoto mwenzangu barazani: asiyejua hana cha kusema. Kuna picha moja, kashuka treni kituo cha mashamba, anautazama mji wake kwa mbali, na mabega yake yameshuka. Mtu aliyekimbia hatazami vile.

Nilitafuta wa kumwambia, "Nassor, ulikuwa sawa." Mama ameshatangulia mbele ya haki. Baba pia. Mjukuu ananiambia, "Basi babu, si umeshajua mwisho?"

Najuta, wakuu. Kubishana sijutii, ule ubishi ndio uliokuwa urafiki wetu. Najutia lile neno moja nililolipenda. Mtoto anajua baba yake ameshapanga safari, hawezi kumwambia yeyote, na kila siku anamsikia rafiki yake akisema mwanamume hakimbii mji wake. Alijaribu kunieleza kwa njia pekee aliyokuwa nayo, kwa kumtetea Bwana Mizani. Alipoona sielewi, akakubali kushindwa, tusije tukaachana kwa ugomvi. Yule mtu aliyekuwa hakubali kushindwa hata na muadhini.

Nimesikia mengi. Mmoja kaniambia yuko Maskati, mwingine Mombasa. Mwingine kasema jina kama hilo lilisomewa hitma zamani. Sijapata uhakika, na Nassor ni wengi duniani.

Nilichojifunza ni hiki: mbishi akikubali ghafla, usishangilie. Muulize anakwenda wapi.

Na nyinyi vijana wa ule uzi, kabla hujaandika "kakimbia," ngoja toleo linalofuata. Pengine hata huyo unayebishana naye humu ana safari yake asiyoweza kukwambia.

Karibuni mchangie. Aliyewahi kuachwa bila kuagwa aseme, na aliyeondoka bila kuaga naye aseme, hapa hapana hukumu. Kejeli za uzee ruhusa, nimezizoea.

Na kama humu kuna mtu ana baba au babu anayeitwa Nassor, aliyekulia Malindi, mtoto wa fundi redio, mbishi asiyekubali kitu, naomba amsomee huu uzi. Amwambie toleo lililofuata nimelisoma. Kashinda yeye. Mfereji wetu wa zamani umeshang'olewa, mgongo wangu mbovu kama wa baba, na Bwana Mizani hayupo wa kunipunguzia uzito, lakini aje tu. Ndoo nabeba mimi.