Turbo yangu ilikuwa ikiishiwa nguvu asubuhi za kipupwe tu, na nilichokikuta nyuma ya bampa

Wakuu, amani iwe juu yenu.

Mimi humu jukwaani ni msomaji tu wa siku nyingi, nachota elimu ya watu nanyamaza. Leo zamu yangu. Nitakayoyasema yamenikuta mwenyewe na sitii chumvi, maana majirani zangu wa Mtoni nao wamo humu, nikizidisha wataniumbua.

Mimi ni fundi wa viyoyozi, hapa Unguja. Naishi na mke wangu Raya, binti yetu Nasra, na mama mkwe wangu, ambaye alikuja kutusaidia Nasra alipozaliwa akapendwa mpaka leo hajarudi kwake.

Gari yenyewe ni ile fupi ya Kijapani, milango mitatu, ya miaka ya tisini, imetoka kiwandani na turbo. Mnaijua. Jina silitaji kwa sababu nikilitaja uzi utageuka wa kubishana ipi bora, na mimi nataka nimalize kisa changu.

Niliinunua ikiwa inakohoa. Nikaitengeneza taratibu kadiri Mungu alivyojaalia.

Ekzosi pana. Plagi mpya. Presha ya turbo nikaipandisha kidogo, kwa adabu, si ile ya kuua injini.

Mwisho nikaweka filta ya hewa ya pamba, ile ya koni isiyo na boksi. Nikaishusha kwa paipu ndefu mpaka chini, nyuma ya bampa la mbele, ivute hewa ya nje badala ya hewa ya moto ya kwenye boneti. Mnajua wenyewe, turbo kazi yake ni kuisukumia injini hewa, na hewa ya baridi ndiyo chakula chake.

Wakuu, gari ilikubali! Ukikanyaga mafuta turbo inapiga mluzi na kiti kinakusukuma mgongoni. Kuna kilima kutoka Bububu kupandia Kijichi. Nilikuwa nakipanda gia ya tatu huku naimba, na mimi sauti sina.

Kilima hiki kina maana kwetu. Raya ni mwalimu, na skuli yake iko huko juu, upande wa Kizimbani. Kila asubuhi nampandisha yeye, halafu nashuka mjini kazini kwangu.

Sasa, filta za namna hii zinataka kufuliwa, kukaushwa, kisha kupakwa mafuta yake maalumu ili yanase vumbi. Ilikuja na kichupa chake kidogo, na kazi zangu nyingi ziko hoteli za shamba, nje ya mji, njia za vumbi jeupe la mawe. Nafua, napaka, nafua, napaka. Kichupa kikaisha.

Nikatafuta maduka yote ya spea, Darajani, Mwanakwerekwe, kote. Hakuna. Mmoja akataka kuniuzia mafuta ya cherehani.

Hapa ndipo nilipojiona nina akili. Nikasema mafuta ni mafuta. Nyumbani mama mkwe ana chupa yake ya mafuta ya nazi, anakamua mwenyewe, masafi, mepesi kama maji. Wakati ule ulikuwa kaskazi, joto linatutoa jasho hata kivulini. Nikachota kidogo, nikapaka.

Yakafanya kazi vizuri sana. Hasara yake ilikuwa harufu tu, ukiwasha gari inanukia kama jirani anapika wali. Nasra alikuwa anashuka skuli kwao ana njaa.

Nikaendelea hivyo hivyo. Kila nikifua, nachota kwa mama mkwe. Kuomba sikuomba, maana mkwe utamwambiaje kwamba unataka mafuta yake ya nywele ukapake gari?

Kikaingia kipupwe.

Wakuu, mimi nilikuwa nakisubiri kipupwe kama mtoto anavyosubiri Idi. Hewa ya baridi ya asubuhi, nikasema sasa gari itapaa.

Asubuhi ya kwanza ya baridi, tumefika katikati ya kilima, gari ikazimia pumzi. Nakanyaga, hakuna kitu. Turbo kimya, injini inanguruma kama mtu aliyezibwa mdomo kwa mto, moshi mweusi nyuma. Gia ya pili, kisha ya kwanza. Tukapitwa na lori la mchanga, na dereva akatupungia mkono.

Raya akachelewa skuli.

Mchana narudi nayo, inavuta ajabu! Kama si ile ile. Kesho yake asubuhi, imezimia tena.

Ikawa ndiyo desturi. Asubuhi mgonjwa, adhuhuri mzima.

Nikabadilisha plagi. Nikalaumu petroli, nikahama kituo. Nikabadilisha pampu ya petroli. Na kila nikikosa jibu nafua filta, na kwa kuwa nataka isafike vizuri, naipaka mafuta ya kutosha na kuongeza. Kazi hiyo naifanya alasiri, jua linawaka, mafuta yanatiririka kama maji. Asubuhi inayofuata ndiyo mbaya zaidi.

Nikaipeleka Ng'ambo kwa fundi wangu wa siku zote. Gereji yake inafunguliwa jua likishakuwa kali. Akaizungusha, akarudi anacheka.

"Yakhe, gari yako haina kitu. Labda unaumwa wewe."

Nikaondoka nimenuna.

Nyumbani hali ikaanza kuwa nzito. Raya si mtu wa kelele, na hilo ndilo linalotisha. Alikuwa anachelewa, wanafunzi wa somo la kwanza wanakaa bila mwalimu, mwalimu mkuu keshaanza kumtazama kwa jicho la pembeni. Siku moja ameshuka pale kilimani na baibui lake na mkoba wa madaftari, akamalizia kwa miguu. Nilimtazama anapanda. Niliona aibu.

Usiku ule alisema kwa upole kabisa.

"Baba Nasra, mimi nshachoka. Nimepata mtu Mwanakwerekwe anaitaka. Atakuja Jumamosi asubuhi. Tutie na changu tununue gari ya watu wazima."

Haki yake, sikubisha. Kilichoniuma ni kwamba huyo mtu alikuwa anataka injini peke yake, aitie kwenye gari yake nyingine. Bodi ataitupa. Gari niliyoifufua kwa mikono yangu ikachinjwe kama kuku!

Sasa sikilizeni.

Alhamisi alfajiri kumetoka baridi ile ya kujikunyata. Nimetoka uani na kikoi changu, namkuta mama mkwe amemkalisha Nasra amsuke kabla ya skuli. Ameshika chupa yake, anaigonga chini ya kitako.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu niwekee chupa hii pale linapopiga jua. Haya mafuta yashaganda, hayatoki."

Nikaipokea. Ndani meupe pepepe. Nikaipindua chini juu, hakikutoka hata kitone.

Wakuu, nilisimama pale na chupa imepinduliwa mkononi kama nimepigwa shoti. Mama mkwe akaniuliza nimeona nini. Nilikuwa nshatoka mbio.

Nikalala chini mbele ya gari na kikoi changu, nikapenyeza mkono nyuma ya bampa, nikaichomoa filta.

Nyeupe! Imegandwa pande zote kama mkate uliopakwa siagi. Ukiitazama huoni hata tundu la kupitisha sindano. Injini yangu ilikuwa inataka hewa, na mimi nimeiziba pua kwa mikono yangu mwenyewe.

Ingekuwa juu karibu na injini, joto lingeyayeyusha mara moja. Lakini mimi mjuaji nimeishusha chini ipate baridi. Ikaipata. Mpaka jua likolee ndipo mafuta yanayeyuka na gari inapumua.

Na kazi yangu ni viyoyozi. Baridi ndiyo inayonilisha. Chekeni tu.

Nikarudi uani na ile filta, ikabidi niseme. Mama mkwe aliitazama, akainusa, akanitazama mimi.

"Kumbe wewe! Na mimi kutwa nnamsingizia mwanangu Raya kwamba ananimalizia mafuta!"

Akacheka mpaka akashika ukuta. Nasra naye akacheka bila kujua anachekea nini. Nilitahayari, lakini kwa kweli nilikuwa na furaha ya kutaka kuruka.

Nikaifua filta kwa maji ya moto na sabuni ya unga mara kadhaa, nikaianika juani kutwa nzima. Nikaifunga kavu, bila mafuta yoyote, kwa safari fupi za lami. Nikamwagiza rafiki yangu wa Dar mafuta yenyewe halisi, na yeye akanitukana kwanza kwa kutomwagiza mapema.

Raya nilimwambia nimeona ugonjwa. Akasema alhamdulillah, lakini mtu keshaitwa na hawezi kumwambia asije. Ugonjwa huo nilishamtangazia kwamba nimeuona mara tatu nne kabla, kwa hiyo simlaumu kwa kutoniamini.

Nikamwomba jambo moja tu. Jumamosi, huyo mnunuzi akitaka kuijaribu, aendeshe yeye Raya. Leseni anayo, lakini gari yangu alikuwa haigusi, anasema ina kelele za kihuni. Akakubali ili tumalizane.

Jumamosi asubuhi mnunuzi akaja, kijana mstaarabu, na baridi ikaja naye vile vile. Raya kwenye usukani, mnunuzi mbele pembeni yake, mimi nyuma nimekunja magoti mpaka kidevuni. Wanaozijua gari hizi wanajua nyuma kulivyo.

Bububu tukakata kulia kwenda kilimani. Raya kazoea kuiona ikifia pale, kwa hiyo akakanyaga mafuta kwa hasira za wiki zote zile.

Turbo ikapiga mluzi.

Gari ikaondoka. Mnunuzi akashika mlango. Raya akatoa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia tangu nimuoe, akapandisha gia ya tatu, na kilima kikaisha kabla sijamaliza kusoma dua yangu.

Juu akaegesha, akazima.

"Hivi ndivyo inavyokwenda?" akaniuliza kwenye kioo.

"Ndivyo ilivyokuwa kabla sijaiziba."

Mnunuzi naye akapata uchu, akasema sasa anaitaka nzima nzima, wala hachinji kitu, na bei anaongeza. Nikajua basi, imekwenda. Bei nzuri Raya ataikataaje?

Raya akageuka akamtazama kwa ile sura yake ya darasani.

"Kaka, unisamehe sana. Nimekusumbua bure. Gari haiuzwi."

Tukarudi naye nyumbani akanywa chai kwa mandazi, akaondoka mikono mitupu ila hakununa sana. Mimi chai ile sikuionja ladha, nilikuwa naitazama gari pale nje kama nimeiona leo.

Nilichojifunza mimi, wakuu: nguvu nyingi tunazozitafuta kwa kuongeza vitu tayari zimo, tumezikalia. Kabla hujapandisha presha, hakikisha injini inapumua. Kitu kilichotengenezewa mafuta yake, kipe mafuta yake, hata kama itabidi usubiri boti ya Dar. Na gari ikiugua kwa saa maalumu, usiipeleke kwa fundi saa ilipopona. Ilaze hapo hapo uamke nayo.

Yale mafuta ya Dar yameshafika, filta imepakwa kama inavyotakiwa, na asubuhi za baridi sasa gari inavuta kuliko mchana, vile ilivyopaswa kuwa tangu mwanzo.

Najua hayo kwa kusimuliwa.

Jumatatu ile niliamka natafuta ufunguo, sikuuona. Natoka nje, namkuta Raya ameshakaa kwenye usukani na baibui lake, kioo ameshakirekebisha, kiti amekivuta mbele. Akasema nisihangaike kumpeleka, anachelewa, mimi nishuke mjini na jirani mwenye vespa. Na ndivyo ilivyo tangu siku ile. Nilipigana gari isitoke nyumbani, na kila asubuhi nasimama barazani na kofia ya vespa mkononi naisikia ikitoka, mluzi mpaka barabara kuu. Wallahi nimeridhika.

Swali langu kwenu, hasa mlio na wake wanaojua kubadili gia: nguvu za injini nimezipata, sasa zamu ya kuendesha inaombwaje? Nasoma kila jibu. Naandikia nyuma ya vespa, kwa hiyo nikiruka herufi mnivumilie.